Kuingia nyuma ya pazia la Magic Kingdom: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila msimu wa likizo maswali yanarudi yaleyale. Tiketi ya ziara inaniingiza getini? Mwanangu wa miaka 14 aje? Nikipiga picha kimyakimya, nani ataniona? Tumeyajibu mara nyingi kiasi kwamba tumeona bora yakae pahali pamoja.

Mwongozo huu unahusu ziara moja, Keys to the Kingdom, inayofanyika kwenye bustani ya burudani ya Magic Kingdom, ndani ya Walt Disney World, karibu na Orlando, Florida. Si Disneyland ya California. Majina yanafanana na watu huyachanganya. Ukilala Anaheim, mji iliko hiyo Disneyland, huku ziara yako iko Orlando, kati yenu kuna ndege ya saa tano hivi.

Ziara yenyewe huchukua karibu saa tano, kwa miguu, pamoja na chakula cha mchana. Mnakwenda kundi dogo na mwongozaji mmoja. Sehemu kubwa mnapita barabara zilezile za wageni mkielezwa jinsi zilivyojengwa, mnapanda mchezo mmoja au miwili, kisha mnapitishwa kwenye milango ambayo mgeni wa kawaida haruhusiwi kuigusa. Haikupi haki ya kuruka foleni baadaye. Haikukutanishi na Mickey. Wala haiingii kwenye kile chumba cha kulala kilichomo ndani ya kasri la Cinderella, hata ukiuliza kwa upole namna gani.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Umri wa miaka 16 au zaidi, kwa kila mmoja wenu. Hakuna msamaha, na hakuna "amebakiza miezi miwili".
- Tiketi ya kuingia Magic Kingdom ya tarehe ileile ya ziara. Hii ni malipo tofauti na ziara.
- Nafasi ya ziara iliyolipiwa. Bei hubadilika kwa msimu. Weka hesabu ya zaidi ya dola 100 kwa kichwa, mbali na tiketi ya geti.
- Pasipoti au kitambulisho chenye picha, jina likilingana na lililo kwenye nafasi.
- Kiingereza cha kufuata maelezo kwa saa tano. Mzazi asiyekijua atatembea sana na kufaidi kidogo.
- Raba zilizokwishazoea mguu. Viatu vipya vitakupa malengelenge kabla ya chakula cha mchana.
- Koti jepesi la mvua. Mwavuli ni usumbufu ndani ya kundi, na mvua ya Florida ya kiangazi hainyeshi kwa kuomba ruhusa.
- Mkoba mdogo, au usiwe nao kabisa.

Hatua kwa hatua

1. Anza na tarehe ya ziara, halafu ndipo ununue tiketi ya bustani. Watu hufanya kinyume chake na kujikuta na tiketi ya Jumanne huku ziara yenye nafasi ni ya Alhamisi. Tiketi za siku hizi hufungwa kwenye tarehe. Kama umenunua aina ya bustani moja kwa siku, siku hiyo yote ni ya Magic Kingdom. Usipange kwenda Epcot, bustani nyingine ya Walt Disney World, jioni. Ule utaratibu wa kuweka nafasi ya kuingia bustani juu ya tiketi uliondolewa Januari 2024 kwa tiketi za tarehe maalumu, kwa hiyo puuza miongozo ya zamani inayokutisha nao.

2. Weka nafasi mapema. Nafasi hufunguliwa takriban siku 60 kabla, na siku za karibu na Krismasi, Pasaka na mapumziko ya shule za Marekani ndizo zinazokwisha kwanza. Tafuta sehemu ya ziara kwenye tovuti rasmi ya Walt Disney World. Malipo ni papo hapo na kwa ukamilifu. Soma masharti ya kughairi palepale. Kwa kawaida ukichelewa kughairi hadi ndani ya siku mbili za mwisho, fedha yako imekwenda.

3. Soma saa kama Mmarekani. Hapa ndipo wenzetu wengi hunaswa. Uthibitisho ukiandika 8:30 AM, hiyo ni saa mbili na nusu asubuhi, si saa nane na nusu. Tarehe nayo wao huanza na mwezi: 04/07 ni tarehe 7 Aprili, si 4 Julai. Andika upya vyote viwili kwa Kiswahili kwenye karatasi na umpe kila mnayesafiri naye. Ukiwa bado nyumbani, kumbuka Orlando iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa kiangazi. Ukipiga simu asubuhi ya Dar au Nairobi, kule bado ni usiku wa manane.

4. Malizana na suala la chakula siku unayoweka nafasi, usingoje mezani. Chakula cha mchana kimo ndani ya bei, na kwa kawaida utachagua kutoka menyu fupi asubuhi mnaporipoti. Kama unakula halali tu, au una mzio wa karanga au samaki, sema mapema kwa simu au kwenye fomu, kisha urudie kusema unaporipoti. Kwa asiyepata jibu la uhakika kuhusu nyama, chakula cha mboga ndicho salama. Anayefunga Ramadhani afikirie mara mbili: ni saa tano za kutembea juani.

5. Usiku wa kuamkia ziara, pakua programu ya My Disney Experience, ingia kwenye akaunti yako, na hakikisha tiketi ya bustani na nafasi ya ziara vyote vinaonekana humo. Piga picha ya skrini ya namba ya uthibitisho na mahali pa kuripoti. Usikariri mahali pa kuripoti kutoka kwa rafiki aliyekwenda miaka iliyopita, kwa kuwa huhamishwa. Fuata kilichoandikwa kwenye uthibitisho wako.

6. Toka mapema kuliko unavyodhani inatosha. Magic Kingdom haina maegesho mlangoni. Ukija na gari lako au teksi ya programu, utashushwa kwenye kituo kikuu cha usafiri, ng'ambo ya ziwa la Seven Seas Lagoon, na kutoka hapo utavuka kwa treni ya reli moja au kwa feri. Kuna ukaguzi wa mizigo, kuna foleni ya geti, na getini utaweka kidole kwenye kisomaji. Jipe dakika 90 kutoka unapoegesha hadi unaporipoti. Mabasi ya hoteli za Disney ndiyo yanayokushusha karibu na geti, na kwa asubuhi ya ziara hilo peke yake ni sababu ya kulala kwenye mojawapo ya hoteli hizo, au angalau kuifikiria.

7. Ripoti, onyesha kitambulisho, chagua chakula, kisha nenda msalani. Hii ya mwisho tunaisema kwa uzito wote. Vituo vya msalani vipo njiani lakini ni vya kundi zima, na hutaki kuwa yule anayesubiriwa na watu wote. Utapewa kifaa cha kusikilizia chenye kipokezi na spika ya sikioni. Kijaribu kabla hamjaondoka, na ukisikia kinakwaruza kirudishe palepale. Utapewa pia beji ya jina. Ivae mahali inapoonekana, kwa kuwa nyuma ya pazia ndiyo inayoonyesha kwamba una ruhusa ya kuwa pale.

8. Mkiwa upande wa wageni, tumia simu yako vizuri sasa. Hapa picha zinaruhusiwa. Kwenye Main Street, barabara ya kuingilia bustani, tazama juu: ghorofa za pili na tatu ni fupi kuliko ya chini, na hivyo jengo dogo linaonekana refu. Kasri nalo limechezwa hivyohivyo. Lina urefu wa futi 189, kama meta 58, na matofali yanayoonekana kule juu ni madogo zaidi ili jicho lidhani yako mbali. Tena si matofali. Ni chuma, zege na fibaglasi. Majina yaliyochorwa kwenye madirisha ya barabara hiyo ni ya watu waliojenga na kuendesha mahali hapo, kama yanavyopita majina mwishoni mwa filamu.

   Mwongozaji atawatajia zile "funguo" zilizoipa ziara jina lake, yaani kanuni za kazi kwa mpangilio wa uzito: usalama, adabu, ujumuishi, onyesho na ufanisi. Zilikuwa nne; ujumuishi uliongezwa baadaye. Zishike hizi kichwani, maana karibu kila swali utakalouliza baadaye jibu lake litarudi kwenye mpangilio huo. Kwa nini mchezo umesimamishwa ilhali watu 200 wako kwenye foleni? Usalama uko mbele ya onyesho.

   Mkipelekwa Haunted Mansion, mchezo wa nyumba ya mizimu, na mwongozaji akaeleza mizimu inayocheza ukumbini, utacheka kwa jinsi ilivyo rahisi. Umewahi kukaa dirishani kwenye basi la usiku ukauona uso wako kiooni, na hapohapo ukaziona taa za barabarani zikipita ndani ya uso huo? Ndiyo hiyohiyo. Kioo kikubwa, sanamu zimefichwa mahali usipoziona, taa zinawaka na kuzima. Ni mbinu ya majukwaa ya karne ya 19.

9. Mlango wa kwanza wa nyuma ukifunguliwa, zima simu na uitie mfukoni. Si kuigeuza kifudifudi mkononi, mfukoni. Picha, video na sauti haviruhusiwi kabisa nyuma ya jukwaa, na anayekaidi anaweza kutolewa kwenye ziara bila kurudishiwa hela. Utashangaa jinsi mandhari inavyobadilika kwa hatua tatu: ukuta uliokuwa kijiji cha kale, kwa nyuma ni bati tupu na mabomba ya umeme, na njia ni lami ya kawaida yenye mistari ya magari. Kwa kawaida mnaonyeshwa sehemu yanakotunzwa magari ya gwaride. Usiguse. Tembea ndani ya mstari unaoonyeshwa, kwa sababu hapo ni mahali pa kazi na magari hupita kweli.

10. Kwenye mahandaki ya wafanyakazi, yanayopita chini ya bustani, tembea upande mmoja na utazame juu. Hapa ndipo wengi walipolipia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

   Watu huyaita ya chini ya ardhi, lakini si hivyo. Maji ya ardhini Florida yako karibu mno na uso wa nchi, kwa hiyo wajenzi waliweka mahandaki juu ya ardhi ya kawaida, wakayafunika kwa udongo uliochimbwa walipotengeneza lile ziwa ulilolivuka asubuhi, kisha wakajenga bustani juu yake. Barabara ya wageni unayoijua ni ghorofa ya pili. Mahandaki yako ghorofa ya kwanza, na yanachukua eneo la kama ekari 9. Bustani ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na yenyewe yakiwa tayari. Husimuliwa kwamba Walt Disney alichukizwa kule California kumwona mfanyakazi aliyevaa kama mchunga ng'ombe wa kale akikatiza sehemu iliyojengwa kuwa ya siku zijazo. Mwenyewe alifariki mwaka 1966 na hakuiona dawa ya tatizo lake.

   Usitegemee mapambo. Ni korido ndefu za zege, taa nyeupe, sakafu ya kuoshwa kwa maji. Kuta zimepakwa rangi tofauti kulingana na sehemu ya bustani iliyo juu yako, na kuna alama za kuelekeza ngazi ipi inatokea wapi. Vigari vya betri vinapita na mizigo. Ukisikia honi, bana ukutani. Wafanyakazi, ambao kampuni huwaita waigizaji hata kama kazi yao ni kufagia, wanakuja na kuondoka wakiwa kazini. Wasalimie kwa kichwa, usiwasimamishe.

   Sasa juu. Kati ya mabomba yaliyopangwa darini kuna mabomba manene ya takataka. Mfumo huu uliundwa Sweden: takataka zinazokusanywa kwenye mapipa ya bustani humwagwa kwenye vituo vya nyuma, kisha hufyonzwa kwa hewa hadi kituo cha mwisho, kwa kasi inayokaribia kilomita 100 kwa saa. Ukisikia mvumo unaokuja kwa mbali, ukipita juu ya kichwa chako kwa kishindo cha vitu vinavyogongana, halafu kimya, umezisikia sahani za karatasi za watu waliokula asubuhi. Ukisikia na harufu, usishangae.

   Maswali yanayoleta majibu mazuri hapa ni ya kazi: vyakula hupandishwaje mikahawani, nguo hufuliwa wapi, umeme ukikatika nini huwaka kwanza. Swali la nani yuko ndani ya vazi la Mickey halitajibiwa. Waongozaji wana namna ya kulikwepa huku wakitabasamu.

11. Mkimaliza, rudisha kifaa cha kusikilizia na ubaki na kumbukumbu mtakayopewa. Bakshishi haitarajiwi. Ukitaka kumshukuru mwongozaji, soma jina la kwanza na mji wa kwao kwenye beji yake, kisha nenda City Hall, ofisi ya kuhudumia wageni pale mwanzo wa Main Street, useme kwamba unataka kuacha sifa kwa mfanyakazi. Kwake hilo lina faida kuliko noti ya dola kumi. Siku iliyobaki ya bustani ni yako, lakini usipange foleni nzito mara moja. Kaa kwenye kivuli nusu saa, miguu itakushukuru.

Mambo yakienda mrama

*Kadi inakataliwa wakati wa kulipa.* Mara nyingi tatizo liko benki kwako: malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi hayajafunguliwa, au kikomo cha siku ni kidogo kuliko bei. Piga simu benki kwanza, kisha jaribu tena. Ukijaribu mara tano mfululizo, mfumo unaweza kukufungia. Wa Kenya anaweza kutumia kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa, ila aangalie kikomo na kiwango cha ubadilishaji. Fomu ikidai msimbo wa posta wa Marekani, angalia kwanza kama umechagua nchi sahihi ya anwani.

*Hakuna nafasi tarehe zako.* Angalia tena siku mbili tatu kabla ya tarehe unayoitaka, asubuhi na jioni kwa saa za Orlando. Ndicho kipindi ambacho watu hughairi ili wasipoteze fedha.

*Umechelewa.* Kundi likiwa limeshaingia nyuma ya jukwaa, huwezi kulifuata. Ukiona foleni ya feri imekushinda, piga simu ukiwa bado kwenye foleni, siyo baada ya saa ya kuanza.

*Mvua.* Ziara huendelea. Radi husimamisha michezo ya nje na mpangilio hupinduliwa, huenda mkaanza na mahandaki. Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni mosi hadi Novemba 30. Bima ya safari inunuliwe kabla kimbunga hakijapewa jina.

*Magoti hayawezi saa tano.* Uliza kiti cha magurudumu siku unayoweka nafasi. Usije na kigari cha umeme bila kuuliza, kwani njia za nyuma si zote zinakiruhusu.

*Mchezo uliotajwa umefungwa.* Watabadilisha na mwingine. Hakuna kurudishiwa fedha kwa hilo, na kugombana na mwongozaji ni kujiharibia siku.

*Umeona ulichokuwa hutaki kuona.* Hili tunalisema kwa walio na mapenzi ya utotoni na mahali hapa. Vazi la mhusika bila kichwa, au kichwa bila vazi, havisahauliki. Kama unajijua, chagua ziara nyingine.

Na wenye watoto wadogo?

Ziara ya Behind the Seeds, pale Epcot, huchukua kama saa moja na watoto wanaruhusiwa. Inapita kwenye nyumba za kioo za banda la The Land, ambako nyanya na matango hukuzwa bila udongo, mizizi ikining'inia hewani au ikielea kwenye maji yenye mbolea. Picha ruksa. Mkulima wa bustani atatoka na maswali mengi kuliko mtoto wake. Tiketi ya Epcot inahitajika.

Kwenye Animal Kingdom, bustani ya wanyama ya hapohapo Walt Disney World, kuna Caring for Giants, ya tembo, kama saa moja, kuanzia miaka 4. Ipo pia Wild Africa Trek, kuanzia miaka 8, saa tatu hivi, kundi la watu 12: mnafungwa mikanda ya usalama, mnavuka daraja la kamba juu ya viboko na mamba, mnaingia mbuga kwa gari la wazi, na mnakula juu ya jukwaa linalotazama wanyama. Bei yake hukaribia dola 200 au kuzidi. Inaanzia Harambe, kijiji cha kubuni ambacho wabunifu walikijenga baada ya kutembelea Lamu, kwa hiyo jipe dakika 20 kabla usome mabango ukutani. Kiswahili chake kingine kitakuchekesha, kingine kitakushangaza kwa usahihi. Watakupima uzito kwa sababu ya mikanda, na chochote kisichofungika mwilini kitabaki kwenye kabati. Kandambili hazikubaliki. Viatu vya kufunika vidole ndivyo vya uhakika.